Nyungu ina nafasi yake, lakini si ya barakoa

Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa nchini Tanzania, Machi 16, 2020, hoja mbili zimefungwa kamba moja. Ya kwanza inasema nchi isifungwe. Ya pili inasema nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani yaliyochemshwa, pamoja na tangawizi na ndimu vinatosha kutukinga. Ukiikubali ya kwanza unatarajiwa uikubali na ya pili. Ukiikataa ya pili unaonekana unataka watu wafungiwe ndani. Mimi ya kwanza naikubali kwa moyo wote, ya pili naikataa.

Mama lishe wa Buguruni na mbeba mizigo wa Kariakoo hula leo walichokipata leo. Kuwaambia wakae ndani mwezi mzima bila kuwapelekea unga ni kuwachagulia njaa. Tazama pia Uganda: shule zilifungwa Machi 2020, na wapo wanafunzi ambao hawakurudi darasani mpaka Januari 2022. Tanzania vyuo na kidato cha sita vilirejea Juni 1, 2020, shule nyingine Juni 29. Uamuzi huo uliokoa masomo ya watoto wengi, na hata mkosoaji mkali wa Serikali anapaswa kuukiri.

Sasa nyungu yenyewe. Mvuke wa mchaichai na mkaratusi hulegeza makamasi, na mgonjwa anayefunikwa blanketi na mamaye anajua hajatelekezwa. Hayo si madogo, na daktari anayeyadharau atamkimbiza mgonjwa. Ila kirusi hakikai juu juu puani kikingoja kuunguzwa. Huingia ndani ya chembe hai za pua, koo na mapafu na kuzaliana humo, na joto la kukiua lingeziunguza chembe hizo kwanza. Wengi waliojifukiza wakapona wangepona hata bila kujifukiza, kwa kuwa ndivyo ugonjwa huu ulivyo kwa walio wengi, hasa vijana. Na maji ya moto ni hatari kwa mtoto, akipiga chungu teke tu.

Kosa lilikuwa kuipa nyungu kazi isiyo yake. Februari 1, 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk. Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya wanahabari kikatengenezwa kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu, na akasema wizara haina mpango wa kupokea chanjo. Takwimu za wagonjwa zilikuwa hazijatolewa tangu mwisho wa Aprili 2020. Februari 17 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimeutangazia umma kuwa ana UVIKO-19. Naliheshimu tangazo lile mpaka leo: liliwapa wananchi habari ambayo wizara haikuwapa.

Kwa haki, chanjo zenyewe zilikuwa adimu. Nchi tajiri zilijilimbikizia, na shehena ya kwanza ya COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, barani Afrika ilifika Ghana mwishoni mwa Februari 2021. Hata Dodoma ingeomba mapema, ingekaa foleni. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Julai 28 mwaka huo.

Barakoa, lakini, haikungoja meli wala ndege. Fundi cherehani wa mtaani aliweza kuishona kwa kitambaa, na anayeivaa haachi kuuza ndizi zake. Ndoo za maji tiririka zilizowekwa kila mlango zilisaidia, zaidi kwa kuhara na kipindupindu. Kirusi hiki hupita hasa hewani, mahali palipojaa watu na kufungwa. Ndiyo maana agizo la daladala kubeba abiria waliokaa tu, mwaka 2020, lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyopewa. Lilimgusa konda mfukoni, likafifia. Madirisha wazi yasingemgharimu hata shilingi.