Kifaa Kisihukumiwe kwa Kosa la Mwizi

Mwaka 1982 Jack Valenti, kiongozi wa chama cha kampuni za filamu Marekani, alikifananisha kinasa video, mbele ya wabunge, na muuaji anayemvizia mwanamke aliye peke yake nyumbani. Wakati huo kampuni za filamu za Universal na Disney zilikuwa zimeshaishtaki Sony kwa kuuza Betamax, kinasa video chake. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifaa chenye matumizi halali hakizuiwi kwa sababu tu wapo watakaokitumia vibaya. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Kabla muongo ule haujaisha, kanda za video zilikuwa zikiiingizia Hollywood fedha nyingi kuliko majumba ya sinema.

Watetezi wa teknolojia hukisimulia kisa hiki kana kwamba kinamaliza ubishi. Hakimalizi. Kanda iliyorekodiwa sebuleni iliishia kwa jirani mmoja au wawili. Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo bure mtandaoni, ilipoanza mwaka 1999, wimbo uliwafikia mamilioni bila mtunzi kupata chochote. Mapato ya muziki uliorekodiwa Marekani, yaliyokuwa dola bilioni 14.6 mwaka huo, yalishuka chini ya nusu kufikia 2014. Wizi haukuwa sababu pekee, maana wengi waliacha albamu wakanunua wimbo mmoja mmoja. Hata hivyo, anayedai haukumuumiza mtu amewasahau wapiga ala na mafundi wa studio. Mahakama ilipoibana Napster mwaka 2001, naona ilitenda haki.

Nisichoweza kukitetea ni silaha zilizofuata. Mwaka 2005 iligundulika kwamba baadhi ya CD za kampuni ya muziki ya Sony BMG zilikuwa zikipenyeza kwenye kompyuta programu iliyojificha ya kuzuia kunakili, iliyofungua mwanya kwa virusi. Aliyeathirika ni mteja aliyelipa! Aliyepakua wimbo uleule bure mtandaoni hakuguswa. Ulinzi wa namna hiyo unamfundisha mnunuzi mwaminifu kwamba uaminifu wake ni hasara.

Njia bora ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1908 mahakama ilisema karatasi zilizotobolewa, zinazoiongoza piano inayojipiga yenyewe, si nakala za muziki, hivyo watunzi wakabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani halikuipiga marufuku piano hiyo. Liliweka malipo ya senti 2 kwa kila karatasi. Kifaa kikaendelea kuuzwa, na mtunzi akalipwa.

Mwaka 2024 kampuni kubwa za muziki zilizishtaki Suno na Udio, zinazotengeneza nyimbo kwa akili mnemba. Safari hii nauona msingi wa madai yao: nyimbo za watu zilitumika kuifunza mitambo hiyo kwa idhini ya nani? Lakini malipo yakipatikana, mgao wa mtunzi na mwimbaji uandikwe wazi kwenye mikataba, kwa sababu fedha za muziki wa mtandaoni zilipoanza kurudi, wengi wao waliziona zikiishia kwa kampuni.