Samaki wa tenki akiumwa: kapsuli au maji?

Kwa sisi tunaofuga samaki wa mapambo hapa Mwanza ubishi hauishi. Samaki akianza kuzubaa wengine wanakimbilia duka la dawa, wananunua antibayotiki ya tetrasaikilini, wanafungua kapsuli na kumwaga unga wote kwenye tenki, wengine wanasema acha hizo, badilisha maji kwanza. Mimi niko upande wa maji, ila wale wa kapsuli nao wana hoja na tusiwabeze.

Daktari wa mifugo ukimpelekea mbuzi au kuku mnaelewana, ukimpelekea goldfish kwenye ndoo wengi wanabaki wanakuangalia tu, na samaki mwenyewe huenda asifike asubuhi. Halafu kuna magonjwa ya bakteria kweli, mfano mapezi kuoza, unaona mkia umechanika chanika, kingo zimekuwa nyeupe na kila siku unazidi kufupika. Hapo antibayotiki inaweza kusaidia, hilo sipingi.

Shida ni kwamba ugonjwa unaosumbua sana ni vidoa vyeupe, samaki anakuwa kama kanyunyiziwa chumvi mwili mzima na anajisugua kwenye mawe, na kile ni kimelea sio bakteria, tetrasaikilini haikifanyi kitu. Tena kikiwa kimejichimbia kwenye ngozi dawa ya majini haikipati, kinakufa pale tu vitoto vyake vinapoogelea kutafuta samaki wa kumshika. Ndo maana chumvi ya kawaida, gramu 2 hivi kwa lita, ukishaiyeyusha pembeni na kuiweka kidogo kidogo, inabidi ikae kama wiki 2 hata vidoa vikiisha, watu wanaacha mapema halafu wanashangaa vimerudi. Mimea ya kwenye tenki na kambale wadogo hawaipendi sana chumvi, kwa hiyo waangalie.

Na ile kapsuli ina hasara nyingine. Kwenye filta kuna bakteria wazuri wanaoibadilisha amonia ya kinyesi, ukiwaua hao amonia inapanda na hata samaki wazima wanaanza kuhema juu juu. Mtu akikwambia mbona mimi niliweka akapona, muulize kama siku hiyo hiyo hakubadilisha na maji, mara nyingi alibadilisha, na mimi naamini maji ndo yaliyomponya. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Na kama lazima utumie antibayotiki basi mtenge mgonjwa kwenye beseni lake na pampu ya hewa, usitibu tenki zima.

Wanaoniumiza roho ni wale wanaoona huruma, wanambeba samaki mgonjwa wanaenda kumwachia ziwani. Jamani, ziwa hili la Victoria lilipandikizwa sangara miaka ya 1950 na aina nyingi mno za furu, wale samaki wadogo wa asili, zikapotea, leo tena tuliongezee samaki wa dukani na vimelea vyake? Hata maji ya tenki la mgonjwa usiyamwage kwenye mtaro, hiyo mitaro yetu inashuka ziwani, yamwage kwenye udongo mkavu. Samaki akiwa amevimba na magamba yamesimama yote, mara nyingi huyo haponi tena, mafuta ya karafuu yaliyokorogwa vizuri kwenye maji yanamlaza usingizi, ukizidisha dozi anakufa bila kuhangaika, halafu mfukie uani.