Jina la Mji Lililogeuzwa Tusi

Kiingereza kina kivumishi "byzantine", kinachotumika kueleza taratibu zilizojaa mizunguko, vipengele visivyoeleweka na mizengwe ya chinichini. Kila ninapokikuta katika matini ninayotafsiri nasita, kwa sababu naamini kinawasingizia watu waliokwisha kufa, ambao hawawezi tena kujitetea.

Asili yake ni Byzantion, mji wa Wagiriki uliokuwa kando ya mlangobahari wa Bosporus. Mwaka 330 Kaisari Constantine wa Dola ya Roma aliuzindua upya kuwa makao yake, ukaitwa Constantinople, na Waswahili wakaja kuujua kwa jina la Stambuli. Dola iliyotawaliwa kutoka hapo ilidumu hadi Waturuki walipouteka mji mwaka 1453, na muda wote huo watu wake walijiita Warumi. Kwetu jina hilo si geni, kwani Kurani ina sura nzima iitwayo Ar-Rum, na Warumi wanaotajwa humo ndio hao hao. Mtindo wa kuiita dola yao kwa jina la mji wa kale ulianzishwa na mwanazuoni Mjerumani, Hieronymus Wolf, mwaka 1557, wakati dola yenyewe imekwisha kuanguka zaidi ya miaka 100. Maana ya mizengwe ilizoeleka baadaye sana, katika karne ya 20, baada ya waandishi wa Ulaya, akiwemo Edward Gibbon, kuwabeza watu hao kwa muda mrefu.

Kinachoniuma zaidi ni suala la sheria. Mwaka 530 Kaisari Justinian wa dola hiyo alimwagiza mwanasheria Tribonian akusanye jopo la kupitia maandiko ya wanasheria wa kale, ambayo kwa maelezo ya Justinian mwenyewe yalikaribia vitabu 2,000. Kufikia Desemba 533 yalikuwa yamechujwa na kupangwa katika vitabu 50, na juu ya msingi huo zimejengwa sheria za nchi nyingi za Ulaya. Watu waliofanya kazi hiyo ndio ambao leo jina lao linamaanisha vurugu ya kanuni.

Kwa hiyo katika tafsiri zangu sikitohoi kivumishi hicho. Utaratibu unaomtaka mwananchi apeleke nakala ya cheti dirisha la kwanza, apelekwe la tatu kutafuta mhuri, kisha aambiwe arudi kesho, nauita urasimu. Penye hila za wakubwa wanaopangana gizani naandika mizengwe, neno lisilomsingizia mtu wa mji wowote.