Ngao ya bakteria na dawa inayoitegemea

Bakteria anayetumia oksijeni hubeba hatari ndani yake mwenyewe. Peroksidi ya haidrojeni inayozaliwa humo ikikutana na madini ya chuma hutoa chembe kali zinazokatakata DNA. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia za seli, kama katalasi, huiwahi peroksidi hiyo na kuigeuza maji na oksijeni. Je, antibiotiki huua kwa kuizidi nguvu ngao hii?

Mwaka 2007 maabara ya James Collins, Boston, ilisema ndiyo. Kuna dawa zinazovuruga ukuta wa seli, zinazoharibu utengenezaji wa protini na zinazokwamisha kunakiliwa kwa DNA. Zote, ilidai, huishia kuzalisha chembe hizo kali. Wazo hilo lilivutia, na naelewa kwa nini: ukiidhoofisha ngao, dawa za zamani zingepata makali mapya.

Mwaka 2013 likapingwa na tafiti mbili kwa mpigo katika jarida la Science, moja ya Liu na Imlay, nyingine ya maabara ya Kim Lewis. Dawa ziliendelea kuua hata pasipo oksijeni. Tena Liu na Imlay hawakuona peroksidi ikiongezeka ndani ya seli zilizopewa dawa. Kwangu hoja ya oksijeni ndiyo nzito kuliko zote, maana chembe zisizoweza kuzaliwa haziwezi kulaumiwa kwa kifo.

Hata hivyo, kusema kwamba chembe hizo si muuaji mkuu hakumaanishi hazina madhara. Mwaka 2010 kundi la Collins lilionyesha kuwa dozi ndogo isiyoua huzizalisha, nazo huongeza mabadiliko ya vinasaba yanayoleta usugu, hata kwa dawa ambayo bakteria hajawahi kuonja. Hapo ndipo ninapowaamini zaidi.

Lakini pande zote mbili huichukulia ngao kama kizuizi tu, na kifua kikuu kinakataa. Isoniazidi, dawa ya ugonjwa huo inayotumika tangu 1952, ikiingia kwenye bakteria bado haina makali. Huwashwa na KatG, katalasi ya bakteria mwenyewe, kisha hukwamisha InhA, kimeng'enya kinachohitajika kujenga ukuta wa seli. Askari wa zamu ndiye anayemfungulia mwizi mlango! Dawa ya kuzima KatG, ambayo kwenye karatasi ingeonekana msaada, ingeiua isoniazidi kwanza.

Bakteria sugu wameligundua hilo zamani. Badiliko la kinasaba cha KatG linaloonekana zaidi, liitwalo S315T, huinyima isoniazidi nafasi ya kuwashwa huku likibakiza sehemu kubwa ya kazi ya KatG ya kuondoa peroksidi. Wanaoipoteza KatG kabisa hulipa gharama, na baadhi yao wamekutwa wakizalisha kwa wingi AhpC, kimeng'enya kingine cha kuondoa peroksidi, ili kuziba pengo.