Ngazi ya ufundi si hesabu ya miaka ya darasani

Muulize kijana anayesoma chuo cha ufundi stadi maana ya ngazi zake, na mara nyingi atakujibu kwa miaka: Level One ni mwaka wa kwanza, Level Two wa pili, Level Three wa tatu. Waajiri wengi nao huvisoma vyeti hivyohivyo. Inaniuma, kwa sababu mfumo wa tuzo za ufundi stadi wa Tanzania haukuzipanga ngazi kwa kalenda.

Umezipanga kwa aina ya kazi na dhamana anayobeba fundi. Ngazi ya kwanza ni ya anayefanya kazi za kawaida zinazojirudia, chini ya usimamizi. Katika ya pili kazi ni za aina nyingi zaidi, nyingine si za kila siku, na fundi anaachiwa kuamua baadhi ya mambo. Ya tatu ni ya anayeweza kazi ngumu zisizotabirika, anayewajibika kwa matokeo na kuongoza wenzake. Kuanzia ya nne ni elimu ya ufundi ya astashahada na stashahada, na ngazi zinapanda hadi ya kumi, shahada ya uzamivu.

Chukua umeme wa majumbani. Kupitisha mabomba ya waya ukutani na kufunga soketi pale ulipoonyeshwa, hiyo ni ngazi ya kwanza. Sasa kuna nyumba ambayo umeme unajikata wenyewe, lakini siku za mvua tu. Fundi anafika jua linawaka na kila kitu kinafanya kazi. Anauliza maswali kabla ya kufungua chochote. Anatenga laini moja baada ya nyingine, anazipima, mpaka anaikuta ile ya taa ya nje ambayo boksi lake linaingiza maji. Kisha anamweleza mwenye nyumba kipi kibadilishwe leo na kipi kinaweza kusubiri, na anamkabidhi msaidizi kazi ya kufunga boksi jipya huku akimsimamia. Huyo ni ngazi ya tatu, awe na cheti au asiwe nacho.

Mkanganyiko mwingine tumeurithi. Katika majaribio ya zamani ya ufundi, yale ambayo watu wazima bado wanayaita trade test, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza la juu kabisa. Mfumo wa sasa umegeuza: namba inapanda na ujuzi unapanda. Mzee mwenye Grade One akiweka cheti chake mezani kwa ofisa kijana, anaweza kuhesabiwa kuwa anayeanza. Ofisa ajira yeyote anayepokea vyeti vya mafundi lazima alijue hili.

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza gereji au saiti anapimwa kwa vitendo, anajazwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja: apimwe kwa kazi anayoiweza kweli. Fundi anayetatua matatizo yaliyowashinda wengine asianzishwe ngazi ya kwanza eti kwa kuwa hakupita darasani. Ngazi ikielezwa kwa kazi, basi kazi ndiyo itoe ushahidi.

Matangazo ya ajira nayo yabadilike. Nimeona mengi yanayodai cheti cha kidato cha nne na "uzoefu wa miaka mitano", bila neno hata moja kuhusu kazi yenyewe. Mwajiri aandike: awe anaweza kutafuta hitilafu peke yake, kukadiria vifaa na kusimamia wasaidizi wawili. Na maelezo ya ngazi zote tatu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila karakana ya mafunzo, ili mwanafunzi ajipime nayo kabla hajapimwa na mtahini.