Chukua IPS, wanasema. Lakini nani atazima taa?

Mtu akiuliza anunue monita gani, jibu humfikia kabla hajamaliza kutaja bajeti: chukua IPS, moja ya aina tatu za paneli (kioo chenyewe cha skrini); nyingine ni TN na VA. Hakuna anayemuuliza ataiweka wapi, ataitumia saa ngapi, wala kama chumba chake kina dirisha. Ushauri wenyewe si mbaya. Umewaokoa wengi na zile paneli za TN ambazo ukiinamisha kichwa kidogo, sura ya mtu inageuka kama hasi ya picha. Kinachonisumbua ni neno dogo linalofuata: chukua IPS *tu*. Hilo "tu" ndilo lililoifanya VA ionekane bidhaa ya aliyekosa hela au aliyedanganywa dukani.

Na dukani kweli hakuna wa kukusaidia. Uliza Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi hii ni paneli gani, utaambiwa "hii LED, Full HD, ina HDMI". LED ni taa tu iliyo nyuma ya kioo. TN, IPS na VA zote zinaweza kuwa na taa hiyohiyo, kwa hiyo umejibiwa na bado hujajibiwa.

Kwenye vipimo vya monita kuna mstari mmoja ambao watu huuruka: kontrasti, yaani weupe wa skrini umezidi weusi wake mara ngapi. IPS ya kawaida huandikwa 1000:1. VA huandikwa 3000:1, na zipo zinazopita hapo. (Zile namba za mamilioni zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi achana nazo. Hupatikana kwa kufifisha taa ya nyuma skrini nzima inapokuwa nyeusi, na picha yenye giza na mwanga kwa pamoja hazikuambii lolote juu yake.)

Mara tatu ni nini? Shusha mwanga wa skrini hadi niti 100 (niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye skrini), kiasi kinachovumilika usiku. Mahali panapotakiwa kuwa peusi, IPS itatoa niti 0.1 na VA niti 0.03. Ukizisoma hivyo, unaweza kusema ni ugomvi wa punje. Lakini jicho lililokwisha kuzoea giza halisomi desimali. Linaona kwamba ile mistari miwili juu na chini ya filamu si myeusi, ni ya rangi ya jivu. Linaona kona za skrini zina ukungu, mweupe au wa manjano, unaohama ukisogeza kichwa. Linaona tukio la usiku kwenye filamu, mtu anatembea kichochoroni, na kichochoro chote kimefunikwa na kitu kama moshi wa mkaa. Mwenye kupiga picha ataelewa haraka zaidi: kutoka 1000 hadi 3000 ni zaidi ya stopu moja na nusu, na kila stopu ni maradufu.

Sasa nitaigeuza namba hiyohiyo dhidi yangu, maana wanaoipenda VA huwa hawafanyi hivyo. Washa taa. Tuseme chumba kina mwanga wa laksi 300 (laksi hupima mwanga unaoangukia kitu), kama ofisi ya kawaida, na skrini inarudisha asilimia 1 ya mwanga unaoiangukia. Hiyo peke yake inaongeza karibu niti 1 juu ya kila weusi. Ile 0.1 ya IPS inakuwa 1.05 hivi, na ile 0.03 ya VA inakuwa 0.99. Piga hesabu upya kwa weupe uleule wa niti 100: IPS inabaki na kama 96:1, VA kama 102:1. Faida yote ya mara tatu imemezwa na balbu ya dari. Mchana, dirisha likiwa wazi, mtu anayekuambia haoni tofauti hakudanganyi. Haipo.

Halafu zima taa, bakiza mwanga unaopenya kutoka barabarani, laksi 5 tu. Skrini inarudisha niti 0.016. IPS inapata kama 860:1, VA zaidi ya 2000:1. Tofauti imerudi.

Kwa hiyo swali la kontrasti ni swali la swichi ya ukutani. Na hapo ndipo naona ushauri wa "IPS tu" umetoka kwenye maisha ya watu wengine. Umetoka kwa wakaguzi wanaopima monita kwenye meza nyeupe, na kwa wabunifu wanaofanya kazi mchana ofisini. Anayeuliza kwetu mara nyingi ni kijana wa chumba kimoja cha kupanga. Mchana yuko kazini au chuoni. Monita inawashwa saa tatu usiku. Mwenzake amelala, taa imezimwa, na skrini hiyohiyo ya kuandikia programu ndiyo televisheni, ndiyo gemu, ndiyo mpira wa saa nne. Huyo ndiye mtu ambaye VA ilitengenezwa kwa ajili yake, na ndiye tunayemwambia aikimbie.

Jambo la kuchekesha ni kwamba VA ndiyo imejaa sebuleni. Televisheni nyingi za LCD (zile zenye taa ya nyuma) za Samsung, TCL na Hisense zinatumia paneli za aina hiyo, kwa sababu watengenezaji wanajua televisheni hutazamwa usiku. Mtu anasifu weusi wa TV ya shemeji yake, kisha anarudi kuandika kwamba VA ni takataka.

Takataka hiyo ina kasoro za kweli, lakini. Kubwa ni mkia. Sogeza kitu cheusi juu ya mandhari ya kijivu kilichoiva, nacho kinaburuta kivuli nyuma yake kama wino uliopanguswa kabla haujakauka. Sababu yake inatoka tumbo moja na ule weusi mzuri. Ndani ya VA, fuwele, zile chembe zinazopitisha au kuzuia mwanga wa nyuma, zisipopewa umeme zinasimama wima dhidi ya kioo, na mwanga unazuiwa vizuri. Ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi. Katika IPS zimelala na hugeuka zikiwa zimelala, na mwanga kidogo hupenya kila wakati. Lakini kutoka nyeusi kwenda kijivu cheusi, fuwele ya VA inatakiwa iiname kidogo tu, na msukumo wa umeme unaoisogeza ni mdogo vilevile, kwa hiyo inajikokota. Kwenye VA za bei nafuu mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kupita milisekunde 20, hata 30, wakati skrini ya picha 144 kwa sekunde inabadilisha picha kila milisekunde 7. Ile "1 ms" ya kwenye boksi ni kipimo cha hali nzuri kuliko zote, au kimepatikana kwa kuzimazima taa ya nyuma.

Kwa anayecheza gemu za kurushiana risasi kwenye mapango na usiku, mkia huo unaudhi, na simlaumu akichukua IPS. AOC waliwahi kuuza pacha wawili wanaofaa kulinganishwa: C24G1 ya VA na 24G2 ya IPS, ukubwa karibu sawa, zote picha 144 kwa sekunde. Ya pili ndiyo iliyopendwa zaidi na wachezaji, na haikuwa bahati. Mwaka 2020 Samsung walionyesha kwa Odyssey G7 kwamba VA inaweza kukimbia, picha 240 kwa sekunde na mkia umekatwa sana, ila bei yake haikuwa ya kijana wa chumba kimoja.

Kasoro ya pili ni pembe. VA ukiitazama kutoka ubavuni, rangi zinapauka, na hata ukikaa katikati, vivuli vyeusi sana vilivyo mbele ya jicho hupoteza maelezo kidogo kuliko vya pembeni. Mbunifu wa nembo, mtu wa kusahihisha rangi za picha za harusi, wawili wanaokaa bega kwa bega kukagua kazi: hao waende IPS bila kusita. Hapo sina ubishi.

Kuna wanaosema mjadala umekwisha kwa sababu ya OLED, ambayo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hujizima yenyewe na weusi wake ni sifuri kabisa. Kwa picha, ni kweli. Lakini kwa kazi ya kuandika, upau wa chini wa Windows unaokaa palepale kwa muda wa saa nane kila siku unaweza kuacha alama ya kudumu, na bei bado ni ya kuuza pikipiki. IPS nayo imejitahidi: paneli za LG zinazoitwa IPS Black, zilizokuja na Dell U2723QE mwaka 2022, zilifika 2000:1. Nasoma habari hiyo kama kukiri. Kama 1000:1 ingekuwa inatosha, nani angehangaika kuipandisha?

Kwenye mtumba hali ni tofauti kidogo, na hapa huwa nawatetea wa upande wa pili. Monita za ofisi zinazotoka Ulaya na Dubai nyingi ni TN au IPS. VA humo ni chache. Kwa hiyo pale, "tafuta IPS" ni ushauri halali, mradi ujue kusoma namba ya nyuma. Dell P2412H ni TN. Dell P2414H ni IPS. Zinakaa rafu moja, muuzaji anazitaja bei moja, na kilichozitenganisha ni tarakimu moja. Kama hukuikariri, simama, kisha chuchumaa ukiitazama skrini kutoka chini: ikigeuka giza na rangi zikapinduka, ni TN, iache.

Ukienda kununua mpya na unasita kati ya IPS na VA za bei zinazokaribiana, pakia kwenye simu au flashi picha moja nyeusi tii na ukurasa mmoja wa maandishi ya kijivu juu ya mandhari meusi. Ukurasa uuteremshe haraka uone mkia, uamue kama unaweza kuishi nao. Kwa ile picha nyeusi, mwombe muuzaji azime taa. Atakataa, duka lina wateja. Basi fanya nilivyofanya mimi: nilikuwa na kitenge kwenye begi, nikajifunika nacho mimi na skrini, kama wapiga picha wa zamani wa studio. Walicheka duka zima. Nilitoka na VA.