Mita Tatu na Nusu za Lami: Nani Ampishe Nani?

Malalamiko ya madereva wa Dar es Salaam juu ya wenye baiskeli yanafahamika: wanapita upande usio wao, usiku hawana taa, wanakata kulia bila kunyoosha mkono, na kama ni muuza mkaa basi magunia yake yamechukua nusu ya njia. Wenye baiskeli nao wana yao, mafupi zaidi: tunachomekewa, tunapigiwa honi mgongoni, tunasukumiwa mtaroni. Wakimaliza kusema, kila upande unaona mwenzake hana ustaarabu. Huenda ni kweli kwa wote wawili. Lakini ukichukua futi kamba ukaipima barabara yenyewe, utaona sehemu kubwa ya ugomvi huu ingekuwepo hata kama wote wangekuwa malaika.

Njia moja ya barabara ya mjini huwa na upana wa mita 3.25 hadi 3.5. Mwendesha baiskeli mzoefu huweka gurudumu kama nusu mita kutoka ukingoni, na si kwa kiburi. Pale ukingoni ndipo mchanga, maji na vipande vya chupa hukusanyika, na ndipo vilipo vifuniko vya mifereji. Kifuniko ambacho vyuma vyake vimelazwa kufuata mwelekeo wa barabara ni mtego: tairi la baiskeli ya inchi 28 lina unene wa milimita 40 hivi, na uwazi kati ya chuma na chuma ukizidi hapo, gurudumu la mbele linazama na mtu anaruka juu ya usukani. Kama wauza chuma chakavu walishapita, hakuna hata kifuniko, ni shimo tu.

Sasa hesabu. Usukani una upana wa sentimita 60, kwa hiyo ncha yake ya kulia iko sentimita 80 kutoka ukingoni. Katika njia ya mita 3.5 zimebaki mita 2.7. Daladala aina ya Coaster, ukijumlisha vioo vya pembeni, inataka kama mita 2.5. Inayobaki ni shubiri moja, na hapo baiskeli haijayumba. Yenye mzigo inayopanda mlima huyumba zaidi ya hapo kila pedali inapokanyagwa. Basi kubwa lenye bodi ya mita 2.5 bila vioo haliwezi kabisa. Ujerumani tangu mwaka 2020 sheria yao inataka gari liache angalau mita 1.5 linapoipita baiskeli mjini, na mita 2 nje ya mji. Ukiweka kipimo hicho kwenye barabara zetu, jibu ni moja: dereva ahamie njia ya kulia au asubiri. Kupita ndani ya njia hiyohiyo si suala la ufundi wa kuendesha, ni nafasi ambayo haipo.

Kwa sababu hiyo ushauri ambao madereva wengi huuchukia ndio ulio sahihi: pale njia inapobana, mwenye baiskeli akae katikati yake. Akijibanza ukingoni anamwambia aliye nyuma kwamba nafasi ipo, na dereva atajaribu. Akikaa katikati anaonekana, na anaacha pa kukimbilia upande wa kushoto likitokea la kutokea. Njia ikipanuka, arudi pembeni haraka. Kung'ang'ania katikati palipo na nafasi ya kupishana ni uchokozi, na hapo dereva ana haki ya kukasirika.

Hasira ya dereva wa daladala ina sababu pia. Ana hesabu ya bosi jioni, yaani kiasi cha pesa anachopaswa kumpelekea mwenye gari kila siku, ana abiria waliosimama, na nyuma kuna daladala nyingine inayomtafuta kituoni. Kufuata baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa kwa mita 200 kunachukua sekunde 48. Kwa kilomita 40 kwa saa angetumia sekunde 18. Amepoteza nusu dakika. Kwenye foleni ya asubuhi nusu dakika hiyo inamezwa na mataa yanayofuata, lakini saa sita mchana barabara ikiwa nyeupe, na baiskeli zikiwa tano kwenye ruti moja, ni muda halisi na ni pesa halisi. Anayemwambia awe mvumilivu tu bila kugusa mfumo wa hesabu anamwomba avumilie kwa mfuko wake.

Suala la kupita upande usio wako linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wanaofanya hivyo wana hoja inayosikika kuwa ya busara: bora nione kinachonijia kuliko kugongwa mgongoni. Kosa lake ni mawili. Kwanza ni mwendo wa kukutana. Gari la kilomita 50 na baiskeli ya kilomita 15 zikielekea upande mmoja, zinakaribiana kwa kilomita 35 kwa saa. Zikielekeana, ni 65. Muda wa dereva kukuona na kufanya uamuzi unakatwa karibu nusu. Pili ni makutano. Sisi tunaendesha kushoto, na dereva anayetoka mtaani akitaka kukunja kushoto huangalia kulia, magari yanakotokea. Baiskeli inayomjia kutoka kushoto hajaitarajia, anaondoa mguu kwenye breki huku shingo ikiwa imegeukia kwingine.

Ila lazima pia kuuliza kwa nini mtu anapita huko. Kwenye barabara pana yenye kizuizi katikati, mwenye baiskeli anayetaka duka lililo mita 100 nyuma upande wa pili anatakiwa kwenda mpaka kwenye kipilefti au sehemu ya kugeuzia, huenda kilomita nzima, kisha arudi. Gari linatumia dakika mbili. Yeye, na gunia la kilo 60 nyuma, anatumia nguvu za kifua.

Kuhusu mwendo, hesabu inashinda mabishano. Chukua dereva anayetumia sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki, lami kavu, breki nzima. Kwa kilomita 30 kwa saa gari linasimama ndani ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 50, ambayo ndiyo ruhusa yetu kwenye maeneo ya makazi, ni kama mita 28. Baiskeli ikiangukia mbele yako mita 20, kwa mwendo wa 30 unasimama na nafasi inabaki. Kwa 50 unaigonga ukiwa bado na kilomita 37 kwa saa. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kilomita 30 pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli, na hesabu hiyo inaonyesha kwa nini. Kuiweka 30 Barabara ya Mandela kungekuwa kichekesho. Barabara ile ni ya malori ya bandari, na dawa yake ni kutenganisha. Lakini mitaa ya Kariakoo, Manzese au Tandika haina sababu ya kuwa 50.

"Njia za baiskeli zimejengwa, mbona hamzitumii?" Swali hili huulizwa sana kuhusu Barabara ya Morogoro, ambako mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 ulikuja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni. Ifuate njia hiyo kwa baiskeli na jibu linakuja lenyewe. Bodaboda zimepaki juu yake zikisubiri abiria. Kuna meza ya chipsi, kuna gari lililopandishwa nusu. Machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara Oktoba 2021, lakini pasipo na usimamizi wa kila siku nafasi tupu hujazwa tena. Kila mtaa unapoingia barabara kuu, njia inakatika: unashuka kwenye ukingo, unavuka, unapanda ukingo mwingine. Ukingo wa sentimita 10 gari halitauhisi sana. Gurudumu la baiskeli yenye mzigo linapinda rimu na kukata spoku. Na makutano hayo ndiyo mpaka wa mamlaka mbili, barabara kuu ikiwa ya TANROADS na mtaa ukiwa wa TARURA, kwa hiyo tuta la kupunguza mwendo na alama za kuvukia zinahitaji wawili wakubaliane. Mwenye baiskeli anayerudi kwenye lami hajakataa kujengewa. Amechagua njia isiyokatika.

Nairobi waliandika mwaka 2015, kwenye sera ya kaunti, kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wasiotumia injini. Ni sera nzuri kuisoma. Kasoro ya sera za aina hii ni kwamba fungu huhesabiwa siku ya kujenga, na hakuna fungu la kumwondoa bodaboda aliyepaki juu ya njia kesho yake.

Hoja ya kwamba wenye baiskeli hawalipii barabara haina uzito. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayechoma mafuta mengi analipa zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Gari lenye uzito mara kumi ya baiskeli na mtu wake linachakaza kama mara elfu kumi zaidi.

Kuhusu taa za baiskeli usiku, madereva wana haki yote. Dereva anayepishana na gari lenye taa kali hupofuka kwa sekunde kadhaa, na baiskeli nyeusi yenye magunia meusi kwenye lami nyeusi haipo machoni mwake. Mzigo hufunika hata kile kiakisi kidogo cha kwenye madigadi. Taa nyekundu inayomulika ifungwe juu ya mzigo, siyo chini ya siti, na ukanda wa kuakisi uzungushwe kwenye gunia la mwisho. Breki nazo: zile za fimbo kwenye rimu ya chuma hupoteza nguvu mvua ikinyesha, kwa hiyo zibanwe kidogokidogo mapema ili mpira ufute maji kabla ya kukamata.

Dereva naye apige honi akiwa mita 40 nyuma, mara moja, fupi. Inayopigwa mita tano humshtua mtu, na anayeshtuka huyumba kulia, upande ule ule gari linakopita.

Kisha lipo guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, ambalo pande zote mbili hulisahau. Halina wepesi wa baiskeli wala injini ya bajaji, na ndilo linalobeba maji, saruji na mashine za kusaga za nusu ya mji. Njia ya baiskeli ya mita 1.5 inapitisha baiskeli mbili za Phoenix zikibanana. Guta mbili zikikutana humo, moja lazima irudi nyuma au ishuke kwenye lami, na ikishuka inakuwa katikati ya njia kwa mwendo wa mtu anayetembea.